Kutoka Nairobi kwenda kuona geiza Bogoria, fanya hivi

Kwanza tuelewane, Hell's Gate, ile mbuga ya karibu na Naivasha, usiende kutafuta geiza, yaani chemchemi ya maji moto inayoruka juu. Ule mvuke mnaopigia picha Olkaria mwingi unatoka kwenye visima vilivyochimbwa kutengeneza stima, na kule kwenye korongo kuna maji moto yanayochuruzika ukutani, basi. Baiskeli pale ni raha, sikatai, lakini ukitaka maji yanayoruka juu yenyewe bila mtu kuyasukuma, panda mpaka Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo.

Njia ni Nakuru, halafu unashika ya Marigat, unapita Mogotio pale mstari wa ikweta unapokatiza, na kabla ya kufika Marigat unakata kulia kwenda Loboi, kwenye geti la hifadhi ya ziwa. Kama huna gari panda matatu ya Nakuru, pale stendi uliza za Marigat, halafu boda. Ila ukweli usemwe, kwa matatu utafika jua limeshakuwa kali na hiyo inaharibu mambo, nitaeleza. Bora ulale Marigat ama hapo karibu na geti.

Kabla hujatoka nyumbani, tafuta mtu wa kule umuulize ziwa limefika wapi. Hili watu wengi hawalijui. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana miaka hii, na Bogoria ilimeza sehemu kubwa ya chemchemi za Loburu, zile za kwenye picha za zamani, hata barabara ya kando ya ziwa. Kwa hivyo usiende na picha ya 2005 kwenye simu ukitarajia kukuta vilevile. Zilizozama utaziona kama maji yanayochemka humo humo ziwani.

Sasa kuangalia. Fika asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi ama mara tu wakifungua geti, kwa sababu hewa ikiwa baridi mvuke unaonekana mnene na mweupe, lakini ikifika saa nne joto la Baringo limeshaufuta na utasema mbona hakuna kitu. Simama upepo ukitokea mgongoni, la sivyo mvuke utakufunika na lenzi ya simu itajaa ukungu. Halafu tulia. Hakuna ratiba. Kule chini maji yamepita nyuzi 100 lakini hayachemki kwa sababu yamekandamizwa na maji ya juu, sasa ya juu yakimwagika kidogo tu mzigo unapungua na ya chini yanageuka mvuke ghafla na kurusha kila kitu, kama soda iliyotikiswa ukifungua kizibo. Kwa hivyo angalia kidimbwi chenyewe: kikianza kujaa, kikatokota na kumwaga pembeni, toa simu na urudi nyuma hatua kadhaa.

Narudia, nyuma. Ule ukoko mweupe pembeni ya shimo unaweza kuwa mwembamba na chini yake ni maji yanayokaribia nyuzi 97, maana kwa urefu ule, kama mita 1,000 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika 100. Kanyaga palipokanyagwa na wengine, vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, sendo acha kwa gari. Mtoto mshike mkono, si kumwita kwa mbali. Na usiinamie tundu kunusa, kuna gesi.

Mayai? Eeh, watu huchemsha. Uliza askari kwanza kama inaruhusiwa siku hiyo, tia kwenye neti ya vitunguu, funga kwa fimbo ndefu, dakika kumi yameiva, na maganda rudi nayo.

Kama ni Jumapili, ondoka kufikia saa sita, maana jioni foleni ya Gilgil hadi Naivasha haina huruma.