Kununua simuleta ya kufundishia marubani ukiwa Tabora

Kabla hujauliza bei, uliza kibali. Saa za simuleta, yaani mashine inayoigiza ndege, huhesabiwa kwenye leseni ya mwanafunzi pale tu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) inapokuwa imeikubali mashine yenyewe. Cheti cha Marekani au Ulaya husaidia kwenye maombi, lakini peke yake hakitoshi. Waandikie TCAA mapema, taja modeli na masomo unayokusudia, kisha mtake muuzaji akuonyeshe QTG, yaani kitabu cha majaribio ya kuithibitisha mashine. Programu ya kuigiza ndege nayo ina leseni yake: X-Plane, mojawapo ya programu hizo, katika toleo la nyumbani hairuhusiwi kwa mafunzo ya biashara, shule inahitaji toleo la kitaalamu.

Kwa shule ndogo, daraja la FNPT II la Ulaya au AATD la Marekani, yaani simuleta za mafunzo ya msingi, linatosha. Zile kubwa za daraja D, zinazocheza juu ya miguu sita, ni za marubani wa ndege kubwa za abiria. Jukwaa la kuyumba usilikimbilie. Fedha hiyo inunue picha pana ya nje, nyuzi 180 au zaidi, ili mwanafunzi aweze kugeuza shingo na kuuona uwanja akiwa pembeni mwake.

Ubao wa vipimo ufanane na wa ndege mliyo nayo. Kama mnarusha Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, yenye vipimo vya mishale, msinunue simuleta ya skrini za kidijitali za G1000 kwa sababu inapendeza. Macho ya mwanafunzi hujifunza njia ya kupita kwenye vipimo: mkao wa ndege, kasi, mkao, kimo. Ukimfundisha njia moja chumbani na nyingine angani, utamlipisha saa za ndege kusahau alichojifunza.

Sasa majaribio, na hapa usikubali kuharakishwa. Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 30, ndege huruka kana kwamba uwanja uko futi 6,600 hivi, maana hewa ni nyepesi. Kwenye simuleta chagua HTTB, alama ya uwanja wa Tabora, weka joto hilo na uzito wa juu kabisa. Kaza breki, sukuma nguvu yote huku mchanganyiko wa mafuta na hewa ukiwa mzito, yaani wenye mafuta mengi, soma mizunguko ya injini. Kisha punguza mafuta polepole: mizunguko ipande kwanza, ndipo ishuke. Kitabu cha Cessna 172 chenyewe kinaagiza mchanganyiko upunguzwe kabla ya kuruka kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000. Mizunguko isipopanda, mashine hiyo itamzoesha mwanafunzi kuondoka na mafuta mazito, kosa linalokula njia ya kurukia mita kwa mita. Ruka, na ulinganishe umbali na jedwali la kitabu.

Halafu zima pampu ya vakyumu, inayoendesha baadhi ya vipimo kwa kuvuta hewa. Kipimo cha mkao na cha mwelekeo vilegee taratibu; kasi na kimo vibaki hai, na kipimo cha kugeuka pia, kwa kuwa hicho kwa kawaida hutumia umeme. Vyote vikifa kwa pamoja, mwanafunzi anafundishwa hitilafu isiyokuwepo. Mwisho nenda HTKA, alama ya uwanja wa Kigoma, usiku, uruke kuelekea ziwani: taa zikiisha, upeo wa macho upotee kabisa. Somo hilo peke yake lina thamani kubwa, na ni salama kulifanyia chumbani.

Pima mlango kabla ya kulipa. Ganda la simuleta lisilofunguka vipande halipiti mlango wa sentimita 90, na kutoka bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za kutikisika. Kompyuta na projekta zifungwe masanduku yake mbali na ganda.

Mashine ya Marekani huweza kuja ya volti 120 na hezi 60, wakati TANESCO inatoa 230 na 50. Transfoma hubadili volti, haibadili hezi. Kompyuta haitajali, ila feni na mota huenda zikapata moto. Soma kibandiko cha kila kifaa. Kompyuta ya wati 700 na projekta tatu za wati 300 ni wati 1,600, hivyo chukua UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 3,000, na kiyoyozi usikiunganishe humo. Fundi apime ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kabla ya mvua za radi za Novemba.

Vumbi la kiangazi huingia kwenye potenshomita, yaani sensa za kusuguana, za pedali na usukani. Dalili yake ni pua ya ndege kuyumba ilhali miguu imetulia. Dai sensa za sumaku, ambazo hazisuguani. Kwenye mkataba andikeni seti ya sensa za akiba, diski ya pili yenye nakala ya mfumo mzima, na dhamana inayoanza siku mashine inapowashwa Tabora. Baki na sehemu ya malipo hadi majaribio yote yarudiwe hapo hapo. Data za safari, yaani za njia na viwanja vya ndege, hubadilika kila siku 28. Bei ya kuzihuisha iwe imeandikwa kabla hujatia sahihi.