Somo: choo kwa ratiba kwa sisi tulioumia uti wa mgongo

Wadau, wengi tunatoka hospitali tunajua kuhamia kwenye kitimwendo ila habari ya choo imeishia "kunywa maji mengi", matokeo yake mtu anashinda na pampasi na msibani haendi. Choo kinaweza kutoka saa unayotaka wewe.

Kwanza jua umeumia wapi, watu wanakopiana dawa hovyo. Ukiumia shingoni au kifuani mara nyingi msuli wa haja unabana wenyewe na ukichokozwa kwa kidole utumbo unasukuma. Ukiumia chini kiunoni msuli umelegea, kuzungusha kidole hakusaidii, unatoa choo kwa kidole kila siku, wengine mara mbili. Wa juu choo kiwe laini, wa chini kiwe kigumu kidogo la sivyo kitakuvuja ukijihamisha. Daktari akupime kabla hujaanza.

1. Chagua saa moja usiibadilishe. Kula au kunywa chai ya moto, subiri dakika 20 hadi 30, tumbo likipata kitu utumbo mpana unaamka.
2. Kaa kwenye kiti cha choo chenye sponji, kama huwezi lala ubavu wa kushoto. Usikae sana, kidonda cha makalio kinaanza hivi hivi.
3. Kata kucha, vaa glavu, paka jeli ya maji (mafuta ya mgando yanaharibu glavu za mpira). Choo kilicho karibu kitoe kwanza, ndo uweke dawa ya kuchomeka, na iguse ukuta maana ikizama kwenye choo umeitupa.
4. Wa juu: zungusha kidole ndani ya njia ya haja polepole sekunde 15 hadi 20, toa, subiri dakika 5 hadi 10, rudia. Huku unasugua tumbo, panda kulia, vuka, shuka kushoto.
5. Ukizungusha mara mbili hakuna kitu, umemaliza.

Ipe ratiba wiki mbili hivi kabla ya kuibadili.

MASWALI

Mwanangu alianguka mwembeni akaumia shingo, nikimfanyia anatoka jasho usoni na kichwa kinamgonga?

Mama, acha hapo hapo. Mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo haujajikunja, pima presha. Aliyeumia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu presha inaruka ghafla na inaweza kuleta kiharusi. Isiposhuka haraka ni hospitali, na hata ikishuka muulize daktari kuhusu jeli ya ganzi.

Kaka naharisha maji siku ya tatu, nimeze dawa ya kuzuia?

Usimeze kwanza mkuu. Inawezekana choo kigumu kimeziba juu na maji yanapita pembeni, dawa itakuziba zaidi. Nenda wakucheki, na kama tumbo limevimba au unatapika nenda leo leo.

Nasafiri Dar Mwanza kwa basi nifanyeje?

Maliza choo usiku wa kuamkia safari, kula ulichozoea, na dawa mpya usiijaribie njiani. Mihogo ya stendi waachie wenye tumbo lao.