Jinsi ya kuandika mkataba na mkandarasi huru

1. Eleza kazi kwa vitu vinavyohesabika. "Kutengeneza tovuti" haitoshi. Andika: kurasa 8, fomu 1 ya mawasiliano, ifunguke vizuri kwenye simu, maandishi na picha vitoke kwa kampuni kabla ya siku ya 5. Taja pia visivyohusika, mfano matengenezo baada ya kukabidhi. Weka kikomo cha marekebisho, tuseme awamu 2, na bei ya kila awamu ya ziada.

Kisha sema kazi inakubaliwaje: kampuni ina siku 7 za kutaja kasoro kwa maandishi, ikikaa kimya, kazi imepokelewa. Ugomvi mwingi huzaliwa pale sentensi hii inapokosekana: mmoja anadai amemaliza, mwingine anasema bado, na ankara inalala.

2. Funga malipo na kazi, si na tarehe tu. Mgawanyo unaofaa kazi nyingi ni asilimia 30 wakati wa kusaini, 40 rasimu ikikabidhiwa, 30 kazi ikikubaliwa. Kila ankara ilipwe ndani ya siku 14. Nani analipia nauli na leseni za programu? Andika.

3. Hadhi ya mkandarasi. Hapa kampuni nyingi hujidanganya. Maneno "si mwajiriwa" hayazuii mahakama wala mamlaka ya kodi kutazama hali halisi. Ukimpangia saa za kuingia, ukampa vifaa vyote na kumkataza wateja wengine, huyo anaweza kuhesabiwa mwajiriwa, na madai ya likizo na makato yakakufuata. Mkataba useme matokeo na tarehe. Namna ya kufanya kazi mwachie yeye.

4. Hakimiliki. Katika nchi nyingi, kulipa peke yake hakuhamishi hakimiliki. Inahitaji maandishi yenye saini. Ihamie kwa kampuni siku malipo ya mwisho yanapoingia. Zana alizokuja nazo mkandarasi zibaki zake, kampuni ipewe ruhusa ya kuzitumia ndani ya kazi hiyo.

5. Kuvunja mkataba. Notisi ya siku 14, na kazi iliyokwisha fanyika ilipwe. Ongeza kifungu cha usiri, yaani siri za kazi zisitolewe nje, na useme sheria ya nchi ipi itatumika.

6. Saini kabla ya kuanza. Tumia jina la kampuni lililosajiliwa, si lile la kwenye bango, na hakikisha anayesaini ana mamlaka. Kila mabadiliko ya baadaye yawe nyongeza iliyosainiwa na pande zote mbili, hata kama yalianza kwa ujumbe wa simu.