Somo: Kupata spea sahihi za stata ya trekta la zamani

Swali ni lile lile kila mara: "Nina Massey Ferguson 35, ninunue stata gani?" Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena nitaelekeza huku.

Jina la trekta halitoshi. MF 35 lilitoka kiwandani na injini tofauti: za petroli, dizeli ya Standard yenye silinda 4, na baadaye Perkins ya silinda 3. Usitegemee stata ya moja ikae kwenye nyingine. Tena trekta la umri huo huenda limeshabadilishwa injini au flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na wenye nalo waliotangulia. Spea inatafutwa kwa stata na injini iliyo mbele yako.

1. Hakikisha stata ndiyo mbovu. Chaji betri, safisha vichwa vyake na mahali waya wa bodi unapokaa. Weka mita ya volti kati ya kichwa cha betri kisichofungwa bodini na terminali ya stata, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, shughulikia waya kwanza.

2. Chomoa betri, fungua stata.

3. Tafuta namba iliyogongwa kwenye mwili wake. Osha kwa mafuta ya taa, usipige msasa. Kwenye stata za kampuni ya Lucas, maandishi kama M45G ni aina tu. Ndani ya aina hiyo zipo stata nyingi zisizoingiliana. Namba ndogo kama 6 58 ni tarehe ya kutengenezwa, na watu huiagizia spea! Namba ya spea ni ile ndefu.

4. Pinioni, yaani gia ndogo ya stata inayozungusha flaiwili. Hapa usiharakishe, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu meno yote, rudia. Pima upana wa pinioni kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Kisha pima kutoka uso wa flanji (bapa la stata linalofungwa kwenye injini) hadi ukingo wa pinioni ikiwa imetulia. Simama upande wa pinioni uangalie inazunguka kulia au kushoto. Mwisho, jua kama pinioni inarushwa na mzunguko wenyewe, ile tunayoita bendeksi, au inasukumwa na solenoidi, yaani sumaku ya umeme. Vyote vitano vilingane na spea mpya.

Onyo: pinioni yenye meno yasiyoendana inaweza kuwasha injini kabisa, ukadhani umefaulu. Inaendelea kula ringi ya flaiwili, ile pete yenye meno, kidogo kidogo. Kubadilisha ringi kwenye matrekta mengi ya aina hii ni kulikata trekta katikati, injini huku na giaboksi kule. Onyo la pili: usipake grisi bendeksi. Vumbi hushika, pinioni inagoma kusogea, halafu lawama zinakwenda kwa spea.

5. Brashi na bushi nunua kwa vipimo. Bushi za shaba zenye vinyweleo loweka kwenye oili ya injini siku nzima kabla ya kuzigonga, na usizichonge ndani. Ukichonga unaziba vinyweleo.

6. Laza ya zamani na mpya sambamba kabla ya kukabidhi ya zamani kwa yeyote.

MASWALI

Mkulima_Hodari: Mkuu, langu ni Ford la zamani, rangi ya kijivu. Ninunue ipi?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 4. Lete namba na idadi ya meno.

Mkulima_Hodari: Sina muda wa kuifungua, nitajie tu.

Jibu: Sitaji. Nikikisia, hela inayopotea ni yako.

Binti_Fundi: Shikamoo mwalimu. Ford 8N la baba ni volti 6, na chanya ndiyo iliyofungwa bodini. Nikigeuza betri, stata itazunguka kinyume?

Jibu: Marahaba, binti. Haitageuka. Stata hiyo ina koili za fildi (nyaya zinazokuwa sumaku umeme ukipita), siyo sumaku za kudumu. Ukigeuza betri, umeme unageuka kwenye fildi na kwenye amecha (sehemu inayozunguka ndani) kwa pamoja, kwa hiyo mzunguko unabaki ule ule. Yenye sumaku za kudumu ingegeuka. Na kama inazunguka kivivu, angalia unene wa waya kabla ya kuhamia volti 12. Kwa nguvu ile ile, volti 6 inavuta ampea mara mbili, na waya mwembamba unaimaliza njiani.

Spana13: Fundi wangu anasema meno 9 na 10 hayana tofauti.

Jibu: Soma onyo la hatua ya 4. Ringi ikiliwa, yeye ndiye atakayelikata trekta, na wewe ndiye utakayemlipa.

Jembe_Kuu: Mimi nimefuata yote, namba na meno sawa. Inakamata vizuri, ila siku nyingine inakwaruza tu.

Jibu: Umefanya vizuri kupima, kaka. Sasa tazama ringi. Injini huzoea kusimama mahali pale pale: ya silinda 4 sehemu mbili, ya silinda 3 sehemu tatu. Hapo ndipo meno huisha. Toa stata, zungusha injini kwa mkono, chungulia tundu lake kwa tochi mzunguko mzima. Ukikuta meno yamelika upande wa kuingilia tu, siku trekta likikatwa muulize fundi kama ringi hiyo inaweza kupashwa moto, itolewe na kugeuzwa. Si zote zinazokubali.

Jembe_Kuu: Nimechungulia. Sehemu tatu, kama ulivyosema.