Namna ya Kujadili ni Bendi Zipi Zilizo Nguli wa Roki Progresivu

Wapenzi wawili wa roki progresivu, yaani roki ya tungo ndefu zenye sehemu kadhaa, wakikaa pamoja kwa muda wa kutosha, swali la ni bendi zipi zilizo nguli wa mtindo huo halikosi kuzuka, na mara nyingi huishia pale pale lilipoanzia: mmoja amezitaja bendi zake tano, mwenzake amezikataa mbili kati ya hizo, sauti zimepanda, na kila mmoja ameondoka na orodha ile ile aliyokuja nayo. Nimeshiriki mabishano ya namna hiyo kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba mjadala huu ni mojawapo ya njia bora za kuujua muziki wenyewe, mradi uendeshwe kwa utaratibu. Utaratibu ninaoupendekeza una msingi mmoja, nao ni kwamba kila dai kuhusu bendi lishushwe hadi kwenye albamu, mwaka na, inapowezekana, dakika mahususi ya kibao fulani, kwa sababu hapo ndipo mwenzako anapoweza kusikia kwa masikio yake unachomaanisha.

Anza kwa kulitenganisha swali, kwa maana limebeba maswali matatu ndani yake. La kwanza ni iwapo bendi inayojadiliwa ni ya roki progresivu kweli. La pili linahusu ubora wa muziki wake. La tatu ni kiasi gani iliwafungulia njia wanamuziki waliokuja baadaye. Pink Floyd ndiyo bendi inayoonyesha vizuri zaidi hasara ya kuyachanganya maswali hayo. Anayeitetea huwa anaifikiria The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973, albamu iliyokaa kwenye chati ya Marekani kwa jumla ya wiki 741 kati ya mwaka huo na 1988, na ambayo vibao vyake vimeungana kana kwamba ni kazi moja isiyokatika. Anayeipinga huwa hana ugomvi wowote na ubora huo. Anachosema ni kwamba mwendo wa muziki wao kwa sehemu kubwa ni wa taratibu, kwamba upigaji wao hautafuti ugumu, na kwamba mizizi yao iko katika bluzi na saikedelia, yaani roki ya sauti za kindoto. Watu hawa wawili wanaweza kubishana usiku kucha bila kugundua kuwa mmoja anajibu swali la pili na mwingine anajibu la kwanza. Kwa upande wangu ninawahesabu Pink Floyd kuwa ndani ya mtindo huu, na ushahidi ninaoutoa ni "Echoes" ya mwaka 1971, kazi ya zaidi ya dakika 23 inayojaza upande mzima wa pili wa santuri ya Meddle na inayokua kutoka noti moja ya piano hadi dhoruba, kisha ikarudi kwenye utulivu ilikoanzia.

Kabla ya kutaja jina lolote, kubalianeni kuhusu maana ya mtindo wenyewe. Roki progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati bendi za roki zilipoanza kuiona albamu kuwa kazi kamili yenye mpango wake. The Moody Blues walitoa Days of Future Passed mwaka 1967 wakiwa na okestra, na mwezi Oktoba 1969 King Crimson wakatoa In the Court of the Crimson King, albamu ambayo wengi, nami nikiwemo, tunaichukulia kuwa ndiyo iliyoufungua mlango rasmi. Sifa zinazotajwa zaidi ni tungo ndefu zenye sehemu kadhaa, mizani ya mapigo matano, saba au zaidi mahali ambapo roki ya kawaida hupiga manne, mbinu zilizoazimwa kutoka muziki wa klasiki wa Ulaya na jazi, na ala kama sintesaiza ya Moog, ambayo hutengeneza sauti kwa umeme, na Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huendesha utepe wa sauti iliyorekodiwa unaodumu kwa takriban sekunde nane tu. Urefu wa upande mmoja wa santuri, ambao ni kama dakika 20 hivi au zaidi kidogo, ulikuwa na athari kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani ndio ulioamua ukubwa wa kazi nyingi za enzi hiyo. Kuwa na sifa moja peke yake hakutoshi. Bendi yenye Mellotron na nyimbo za dakika tatu zinazorudia kiitikio inaweza kuwa nzuri sana na bado ikawa nje ya mjadala huu. Kipimo ninachokipendelea ni kukuza wazo: je, wazo la muziki linalosikika mwanzoni linageuzwa, linapanuliwa na kurejeshwa likiwa na sura mpya, au linarudiwa tu?

Jambo linaloharibu mijadala mingi ni kulichukua jina la bendi kana kwamba ni kitu kimoja kisichobadilika. Genesis ya albamu ya Foxtrot, mwaka 1972, ambayo kazi yake ya "Supper's Ready" ina takriban dakika 23, na Genesis ya Invisible Touch, mwaka 1986, zina jina moja, lakini kati yake mwimbaji Peter Gabriel aliondoka mwaka 1975 na mpiga gitaa Steve Hackett mwaka 1977, na muziki ukaelekea kwingine kabisa. Anayesema Genesis ni bendi ya pop na anayesema ni nguli wa roki progresivu wote wana ukweli wao, kila mmoja katika muongo wake. Kwa hiyo mtake mwenzako ataje kikosi na miaka. King Crimson wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mpiga gitaa Robert Fripp ndiye pekee aliyekuwemo katika vikosi vyote, na kikosi cha 1969, kile cha 1973 na 1974 chenye mpiga besi John Wetton na mpiga dramu Bill Bruford, na kile cha albamu ya Discipline ya 1981 ni kama bendi tatu tofauti. Ninaona kuwa hii ni hoja ya kuwapa heshima zaidi, kwani walikuwa nguli mara tatu kwa njia tatu zisizofanana.

Vilevile jihadhari na hoja inayojengwa juu ya majina ya wanamuziki. Bruford aliiacha bendi ya Yes mwaka 1972 akajiunga na King Crimson, kisha mwaka 1976 akapiga dramu katika ziara ya Genesis. Ingekuwa kwamba sifa hupita kutoka kwa mtu hadi kwa bendi, mpiga dramu huyu mmoja angetosha kuzitawaza zote tatu. Mfano unaoimaliza hoja hiyo ni bendi ya Asia. Katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1982 walikuwemo Wetton aliyetoka King Crimson, Steve Howe aliyetoka Yes na Carl Palmer aliyetoka Emerson, Lake & Palmer, na albamu ikafika kileleni mwa chati ya Marekani; hata hivyo nyimbo zake ni fupi, zimejengwa juu ya viitikio, na ni wachache mno wanaoiweka miongoni mwa kazi kuu za mtindo huu.

Sasa tufike kwenye kiini cha mjadala, yaani kuutetea ubora wenyewe, na hapa ndipo ninapoomba subira zaidi kuliko mahali pengine popote. Ukisema tu kuwa Yes walikuwa wapigaji hodari, hujasema kitu ambacho mwenzako anaweza kukikubali au kukikataa kwa sababu. Mwambie asikilize kibao kilichoipa jina albamu ya Close to the Edge ya mwaka 1972, chenye zaidi ya dakika 18, na umwonyeshe jinsi kinavyoanza kwa sauti za ndege na maji, kikalipuka katika fujo ambamo gitaa la Howe na gitaa la besi la Chris Squire yanaonekana kukimbizana, kisha fujo hiyo ikafunguka ghafla na kuwa melodi iliyo wazi. Mwonyeshe baadaye sehemu ya tatu, ambapo mwendo unatulia kabisa, sauti zinapishana polepole, na mpiga kinanda wao Rick Wakeman anaingia na kinanda cha mabomba kilichorekodiwa katika kanisa la St Giles, Cripplegate, mjini London. Kisha mwulize kama melodi ya mwanzo inaporudi kuelekea mwisho inasikika sawa na ilivyosikika mara ya kwanza. Kwangu mimi haisikiki sawa hata kidogo; inarudi ikiwa imebeba kila kilichopita kati yake, na hapo ndipo ninapouweka ukuu wa Yes.

Fanya hivyo hivyo na "Starless," kazi ya dakika 12 inayofunga albamu ya Red ya King Crimson, iliyotoka mwaka 1974 wakati Fripp alikuwa ameshatangaza kuwa bendi imekwisha. Baada ya wimbo wa huzuni wa mwanzo, Fripp anashikilia noti moja, anairudia na kuirudia juu ya mizani ya mapigo 13, kisha anapanda hatua ndogo, na tena hatua ndogo, huku besi na dramu vikizidi kuwa vizito kwa dakika kadhaa, mpaka msikilizaji anatamani mvutano huo ukatike. Inawezekana kabisa kubishana kwa haki kama kazi hii ni kubwa kuliko ile ya Yes, kwa sababu sasa tunalinganisha njia mbili za kujenga muziki, moja kwa wingi wa mawazo na nyingine kwa kulikamua wazo moja. Mjadala wa namna hiyo unaweza kuchukua jioni nzima, nao ni halali.

Kipimo kingine kizuri ni kuikabili albamu inayogawanya watu. Tales from Topographic Oceans ya Yes, iliyotoka mwaka 1973, ni santuri mbili zenye kazi nne tu, kila moja ikijaza upande mzima. Anayeitetea Yes na asikubali kwamba kuna sehemu zake zinazotambaa bila kwenda popote hajaisikiliza kwa haki. Anayeitaja kila mara ili kuukejeli mtindo wote naye hajaisikiliza sehemu ya kwanza mpaka mwisho. Mpe mwenzako udhaifu wa bendi yako mapema, kabla hajautafuta mwenyewe. Emerson, Lake & Palmer walitoa Tarkus mwaka 1971, na kazi yake kuu ya upande wa kwanza bado inanishangaza kwa nguvu ya mkono wa kushoto wa mpiga kinanda Keith Emerson, lakini pia walitoa Love Beach mwaka 1978, albamu dhaifu, na hakuna sababu ya kuificha.

Kuhusu ushawishi, dai ushahidi unaoonekana. King Crimson walizunguka na bendi ya Tool ya Marekani mwaka 2001, na mwaka 2010 rapa Kanye West alitumia kipande cha wimbo wao "21st Century Schizoid Man" katika "Power," zaidi ya miaka 40 baada ya kurekodiwa kwake. Dream Theater, bendi ya Marekani, walipoanza mwaka 1985 walijiita Majesty, jina lililotokana na jinsi mmoja wao alivyousifu mwisho wa wimbo wa Rush, na hilo linasema mengi kuhusu mchango wa bendi hiyo ya Kanada, ambayo albamu yake ya 2112 ya mwaka 1976 ilitoka wakati bendi nyingi za Uingereza zilikuwa zimeanza kuchoka. Mauzo na tuzo havihitaji kujadiliwa kwa muda mrefu. Genesis waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa roki wa Marekani, mwaka 2010, Rush mwaka 2013 na Yes mwaka 2017, ila miaka hiyo inatueleza zaidi kuhusu wapiga kura kuliko kuhusu muziki.

Msiache pia mjadala ubaki Uingereza na Amerika Kaskazini peke yake. Premiata Forneria Marconi wa Italia walitoa Storia di un minuto mwaka 1972, na katika nchi hiyo hiyo Pawn Hearts ya bendi ya Uingereza Van der Graaf Generator, albamu ambayo Waingereza wenyewe hawakuijali sana, ilishika nafasi ya kwanza. Magma wa Ufaransa, wakiongozwa na mpiga dramu Christian Vander, waliimba kwa lugha waliyojitungia. Orodha ya nguli isiyowafikiria watu hawa, hata kama mwishowe itawaacha nje, imetengenezwa kwa haraka.

Orodha yangu, kwa kuwa si haki kuwataka wengine waseme nami ninyamaze, inaanza na King Crimson, Yes na Genesis ya miaka ya Gabriel, na inaendelea na Van der Graaf Generator na Gentle Giant. Hawa wa mwisho ndio ninaowatetea kwa moyo zaidi, kwa sababu hawakupata umaarufu uliolingana na kazi yao; katika "Knots," iliyomo kwenye Octopus ya mwaka 1972, sauti za wanaume wachache zimesukwa kwa namna ambayo kila moja inaingia katika nafasi iliyoachwa na nyingine. Jethro Tull wa Thick as a Brick, mwaka 1972, wako mlangoni, na nimewahi kuwaingiza na kuwatoa zaidi ya mara moja.

Mnapofikia hatua ambapo hakuna hoja mpya, badilishaneni albamu. Kila mmoja achague moja ambayo mwenzake ameikataa, na kila mmoja aisikilize mara mbili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka chochote, kabla ya kuzungumza tena. Ukipewa Pawn Hearts, usikate tamaa kwa ukali wa upande wa kwanza. Nenda upande wa pili, kwenye "A Plague of Lighthouse Keepers," uipe dakika zake zote 23, na uandike mahali ambapo sauti ya mwimbaji wao Peter Hammill ilikufanya uache kufanya kitu kingine.