Umehamia ghorofani Dar na watu wanataka kuja kuona nyumba? Soma hapa kwanza

Jamani hii ya kufungua nyumba ghorofani sio sawa na ya nyumba ya chini yenye uwanja. Kule Tabata au Mbagala watu wakizidi unatoa mabenchi nje, masufuria yako nyuma, watoto wanakimbia uani, hamna anayejua walikuja wangapi. Apatimenti ya vyumba viwili haina uani, sebule ikijaa ndo imejaa, kwahiyo kazi yote iko kabla ya siku yenyewe na nyingi wala haiko ndani kwako.

Kwanza tarehe. Usifanye wiki ile ile umehamia. Umetoka kulipa kodi ya miezi 6 kwa mpigo, dalali kachukua ya mwezi mmoja juu yake, gari la kuhamisha vyombo nalo, afu unataka kulisha watu kwa hela gani? Subiri mshahara upite. Pia ukishakaa kidogo unakuwa ushalijua jengo, maji yanasumbua siku gani, lifti inagoma muda gani, jirani yupi mkorofi.

Watu sasa. Usitupie mwaliko kwenye grupu la WhatsApp la familia, aisee, mana pale hujaalika mtu mmoja, umealika mtu na mgeni wake na watoto wa mgeni wake. Mpigie au mtumie kila mtu mwenyewe. Sebule ya kawaida watu 15 mpaka 20 wanakaa vizuri ukitoa ile meza ya katikati, zaidi ya hapo wataanza kukaa kitandani kwako. Kama ukoo ni mkubwa gawa mara mbili: kuanzia saa 8 mchana wazee na familia, isomwe dua au sala ya kubariki nyumba, wale, waondoke kukiwa bado na mwanga, afu kuanzia saa 12 jioni ndo washkaji na watu wa kazini. Ukiwachanganya wote mnateseka, baba mdogo anamsubiri ustaadhi amalize dua huku mshkaji kashafungua bia jikoni.

Lokesheni peke yake haitoshi. Ile pini mara nyingi inampeleka bodaboda nyuma ya jengo kwenye ukuta. Andika kabisa: "geti jeusi linaloangalia duka la dawa, mwambie mlinzi unakuja kwa fulani, ghorofa ya 4, ukitoka kwenye lifti mlango wa kushoto." Nakuhakikishia utapunguza nusu ya simu za siku hiyo.

Mlinzi ndo mtu wako muhimu kuliko MC. Mfuate siku mbili kabla, sio asubuhi ya siku yenyewe, mpe majina au hata idadi tu, muulize magari ya wageni yanakaa wapi mana paking nyingi kila nyumba ina nafasi yake moja na mwenyewe akirudi akakuta imekaliwa shughuli yako inaishia hapo. Na sahani yake ya pilau itoke ya kwanza, sio makombo saa 4 usiku. Muulize na hili: umeme ukikatika jenereta inabeba lifti au inawasha taa za ngazi tu? Mana kama bibi anakuja na wewe uko ghorofa ya 6 lazima ujue mapema, apandishwe wakati umeme upo.

Majirani gonga mlango, usitume meseji. Wa pembeni na hasa wa chini yako, yule ndo anasikia kila kiti kikiburuzwa. "Shikamoo mama, mimi ndo niliyehamia hapo juu, Jumamosi nina wageni kidogo, saa 4 usiku tutakuwa tumenyamaza, na wewe karibu." Basi. Wengi hawaji ila hawatapiga simu kwa msimamizi wa jengo. Na kama nyumba zimeuzwa mojamoja kwa sheria ile ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, kuna chama cha wamiliki na kanuni zao za kelele, muulize mwenye nyumba wako zinasemaje.

Maji. Hapa wengi hawafikirii kabisa. Ghorofa nyingi maji yanatoka tanki la chini yanasukumwa na pampu mpaka tanki la juu, umeme ukikatika pampu inalala, na tanki la juu likiisha choo kinakufa na wewe una watu 20 ndani. Asubuhi jaza ndoo kubwa mbili na kopo uziweke chooni. Weka tishu za kutosha, sabuni, taulo zaidi ya moja na kidastibini chenye mfuniko, mana bila hicho pedi na tishu zitatupwa kwenye choo na siku ya pili unamtafuta fundi bomba. Luku nayo nunua jana yake, ile mtu anasimama gizani anasoma tokeni ya namba 20 huku wageni wanammulikia na simu haipendezi.

Chakula, pilau haikwepeki. Hesabu kilo moja ya mchele kwa watu 6 mpaka 8, kwahiyo watu 20 kilo 3 inatosha, nyama kilo 3 pia. Tatizo ni jiko. Sufuria la shughuli halikai kwenye jiko la gesi la ndani, linafunika plet zote na linayumba, hatari tupu. Ama shangazi apikie kwake lije kwenye buti limefungwa na mashuka, ama upike sufuria mbili za kati. Nyama ichemshwe na tangawizi na thomu usiku uliopita, supu usiimwage. Siku yenyewe vitunguu vikaange mpaka viwe kahawia kweli, sio vya njano, rangi ya pilau inatoka hapo, afu bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, viazi, nyama, supu, mchele. Maji yakikaribia kukauka, kwa vile huna mkaa wa kupalia juu, chukua kile chuma cha kupikia chapati weka kati ya moto na sufuria, moto mdogo kabisa, funika na foili chini ya mfuniko. Haiungui chini na inaiva juu. Kachumbari kata mapema ila chumvi na ndimu wakati wa kupakua, la sivyo inakuwa mchuzi.

Mishikaki ya balkoni mi siiungi mkono. Moshi unapanda moja kwa moja kwenye nguo za jirani wa juu alizoanika, na mvua ikinyesha mtu atataka kuingiza jiko la mkaa ndani, hilo usikubali kabisa, mkaa ndani ya chumba unatoa gesi isiyo na harufu na inaua watu. Agiza mishikaki kwa muuzaji wa mtaani iletwe na boda. Sambusa na kachori pia agiza, huwezi kila kitu.

Friji haitabeba soda kreti nzima, weka beseni bafuni na barafu.

Viatu viingie ndani, rundo la viatu koridoni linaudhi watu. Chumba kimoja funga na ufunguo, tupia humo maboksi yote ambayo hujafungua, mana watazunguka kila chumba na watafungua na makabati, ndo kilichowaleta. Swali la "kodi shingapi?" litakuja, jibu "mwenye nyumba kanionea huruma" na upakue pilau.

Zawadi usione aibu kusema. Mpe dada mmoja au shoga yako orodha, hotpoti, mapazia, ndoo zenye mifuniko, shuka, yeye ndo awagawie watu. Ukikaa kimya utapata seti saba za glasi na huna hata pasi.

Kuondoa watu: saa 3 muziki ushuke, taa kubwa iwake, anza kufungia watu chakula kwenye vikontena. Mtu akishashika kontena lake anaaga mwenyewe. Wa Kigamboni waanze wao, foleni ya pantoni inajulikana. Ukibaki na wawili watatu ndo mnashusha mifuko ya taka usiku huohuo, ifungwe mara mbili isichuruzike mchuzi kwenye lifti.