Kusubiri jibu la kuhamia nje: ya kufanya sasa na ya kuacha hadi viza itoke

Maombi yameshatumwa, alama za vidole zimechukuliwa, na kila mkifungua ukurasa wa kufuatilia mnakuta maneno yaleyale: ombi linashughulikiwa. Hapo ndipo nyumba moja huanza kuishi maisha mawili. Mmoja ameshaanza kugawa vyombo, mwenzake bado anapanda miche bustanini.

Kila mnalotaka kufanya katika kipindi hiki lipimeni kwa swali moja: jibu likiwa hapana, hili linarudishika? Kama linarudishika, lifanyeni hata leo. Kama halirudishiki, lingojee viza yenyewe. Ofa ya kazi si viza. Barua ya chuo si viza. Ahadi ya wakala ndiyo kabisa si viza.

Yasiyorudishika

Kuacha kazi, kuvunja mkataba wa nyumba, kuuza gari au kiwanja, kuwaondoa watoto shuleni, kutoa akiba ya uzeeni, kukata tiketi isiyorejeshewa fedha: haya yote yakae. Marekani huwaambia waombaji wake waziwazi wasiuze mali wala wasinunue tiketi isiyorejeshewa fedha kabla viza haijawa mkononi, na ushauri huo unafaa kwa nchi yoyote.

Kusubiri huko hakumaanishi kukaa bila hesabu. Chukueni karatasi, andikeni siku ambazo kila jambo litahitaji baada ya viza kutoka: notisi ya kazi ya mume, notisi ya kazi ya mke, notisi ya mwenye nyumba, muda wa kuuza gari, muda wa kufunga akaunti na bima. Msizijumlishe, maana nyingi zinakwenda sambamba. Tazameni iliyo ndefu kuliko zote, ongezeni siku 14 za dharura, na hiyo ndiyo nafasi mnayohitaji kati ya viza na safari. Ikiwa mmoja wenu ana notisi ya siku 90 na mwajiri mpya anataka mtu ndani ya siku 45, mgogoro huo upo tayari. Ombeni tarehe ya kuanza kazi isogezwe sasa, wakati bado ni mazungumzo ya kawaida.

Mkataba wa nyumba ukiisha katikati ya kusubiri, msitie saini mwaka mzima kwa sababu tu fomu ndivyo ilivyochapwa. Ombeni mwezi kwa mwezi, au kipengele cha kuondoka kwa notisi ya siku 30 au 60 bila faini. Kodi ikipanda kidogo kwa ajili ya uhuru huo, mara nyingi bado ni nafuu kuliko kulipa miezi ya nyumba msiyoishi.

Karatasi nazo huchacha

Wanandoa wenye bidii hukosea hapa. Wanakusanya kila kitu mapema, wanakipanga kwenye jalada, halafu jibu linapokaribia wanakuta nusu ya jalada imepitwa na wakati. Kila karatasi ina umri wake, kwa hiyo iandikeni kwenye kalenda pamoja na tarehe ya kufa kwake.

Pasipoti ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 au zaidi mbele yake. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Kuna jambo lingine linalosahaulika: viza mara nyingi haiwezi kuishi zaidi ya pasipoti, kwa hiyo mwenye pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja anaweza kupewa viza fupi kuliko ya mwenzake. Hata hivyo, msikimbilie kubadilisha pasipoti ombi likiwa ndani bila kuitaarifu ofisi inayolishughulikia, kwa sababu viza inaweza kuandikwa kwa namba ya pasipoti ambayo haipo tena.

Uchunguzi wa afya ndio wenye umri mfupi unaouma zaidi. Wa Kanada kwa kawaida hudumu miezi 12. Cheti cha kifua kikuu kinachotakiwa na Uingereza kwa watu wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yake hudumu miezi 6. Wa viza za ukaazi za Marekani kwa kawaida ni miezi 6, na viza yenyewe hufuata umri wa uchunguzi huo. Ndiyo maana mtu aliyepimwa mapema sana anaweza kupewa viza iliyobakiza wiki chache tu, akalazimika kuondoka kabla notisi ya kazi haijaisha. Pimweni mnapoagizwa, si kabla. Mwanamke mjamzito aseme mapema, kwa kuwa eksirei ya kifua inaweza kuahirishwa au kubadilishiwa utaratibu, na ratiba ya familia nzima ikasogea.

Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kina sheria mbili tofauti. Kwa nchi mnayoishi sasa, kiwe kipya. Kanada, kwa mfano, hutaka kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuomba. Kwa nchi mliyoihama zamani na hamjarudi tena, cheti cha zamani kilichotolewa baada ya kuondoka kwa kawaida kinatosha. Hiki cha pili ndicho cha kukimbilia sasa, maana kukipata kutoka mbali huchukua muda na hakiharibiki haraka.

Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa na, tangu Julai 2016, cheti chake ni cha maisha. Hiyo chomeni hata leo.

Kazi nyingine ya kufanya sasa ni vyeti vya kuzaliwa, ndoa na shule. Hivi havichachi, isipokuwa pale nchi inapotaka nakala iliyotolewa karibuni. Vitoleeni nakala halisi mbili mbili, kisha ulizeni nchi mnayokwenda kama inapokea muhuri wa apostili, unaothibitisha cheti kwa matumizi ya nje, ule wa Mkataba wa Hague wa 1961. China ilianza kuutumia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024. Ikiwa moja ya nchi hizo mbili, ya kwenu au mnayokwenda, haimo kwenye mkataba, cheti kitapanda ngazi: ofisi iliyokitoa, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Mfuatano ni muhimu. Ukitafsiri kwanza na kugonga muhuri baadaye, tafsiri haitakuwa na maneno ya muhuri huo, na baadhi ya ofisi huirudisha. Muhuri kwanza, tafsiri baadaye.

Mkishakuwa nazo zote mezani, linganisheni majina herufi kwa herufi. Jina la pili lililoachwa kwenye cheti cha ndoa, au tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa siku na mwezi, hurekebishwa kwa utulivu wakati wa kusubiri. Wakati wa usaili ni mgogoro.

Kwa wenye mbwa au paka, kalenda ya mnyama inaweza kuwa ndefu kuliko yenu. Umoja wa Ulaya, kwa mnyama anayetoka nchi isiyo kwenye orodha yake, unataka chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha damu ichukuliwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo na ionyeshe kinga ya angalau 0.5 IU kwa mililita, halafu miezi 3 ipite tangu damu kuchukuliwa. Chanjo ikitangulia chipu haihesabiki, mnaanza upya. Haya yote yanarudishika: safari isipokuwepo, mbwa wenu atakuwa amechanjwa tu.

Jibu ambalo si ndiyo wala hapana

Mara nyingi kinachokuja kwanza ni barua ya ofisi inayotaka nyongeza kutoka kwenu. Kanada kwa kawaida hutoa siku 30 za kufanya uchunguzi wa afya au kutoa alama za vidole. Marekani ikikataa kwa muda chini ya kifungu cha 221(g) cha sheria yake ya uhamiaji kwa sababu karatasi fulani inakosekana, una mwaka 1 wa kuileta. Ukipita, unaomba na kulipa upya. Siku huanza kuhesabiwa barua inapotumwa, hata ikiangukia kwenye folda ya barua taka. Ombi liwe na anwani ya barua pepe ambayo nyote wawili mna nywila yake, na folda ya barua taka ikaguliwe kila mnapokagua ile kuu.

Kwenye folda hiyohiyo ndipo matapeli wanapopita. Barua inayodai malipo ya "kuharakisha" kwenye akaunti ya mtu binafsi, au inayohakikisha viza, ni ya uongo hata kama ina nembo nzuri. Tazameni kilicho baada ya alama ya @, kisha ingieni kwenye akaunti yenu kwa kuandika anwani wenyewe badala ya kubofya kiungo.

Maisha yakibadilika, semeni. Mimba, mtoto aliyezaliwa, mwajiri mpya, anwani mpya: kwa kawaida ni wajibu kutoa taarifa. Wengine hunyamaza wakihofia kucheleweshwa, na gharama yake ni kubwa. Kwa Kanada, mtoto ambaye mzazi hakumtaja kabla ya kuingia kama mkaazi wa kudumu anaweza kuzuiwa kudhaminiwa baadaye.

Mmoja akipata, mwingine akakosa

Hili ndilo jambo wanandoa wengi hawalizungumzii, eti litaleta nuksi. Lakini kila mtu ana faili lake, na majibu yanaweza kutofautiana au kupishana kwa miezi. Kaeni chini kabla jibu halijaja na mkubaliane, kwa maandishi, mambo haya: anayepata anatangulia au anangoja? Kama anatangulia, ni kwa muda gani kabla ya kurudi? Kodi ya nyumba mbili italipwa na nani, na kwa miezi mingapi? Watoto wanabaki na nani? Jibu lolote lenye tarehe ndani yake ni bora kuliko "tutaona".

Chunguzeni pia haki ya mwenza kuingia na kufanya kazi, maana hapo ndipo bajeti huvunjikia. Mwenza wa mwenye viza ya H-1B ya Marekani, ile ya kazi za kitaalamu, akiingia kwa viza ya wenza ya H-4, kwa kawaida hawezi kufanya kazi hadi mwenzake afikie hatua fulani ya kuomba ukaazi wa kudumu. Wenza wa viza ya L-1, ile ya wafanyakazi wanaohamishwa na kampuni yao, wanaruhusiwa. Uingereza tangu Januari 2024 haiwaruhusu wanafunzi wengi wapya wa kimataifa kuleta wenza, isipokuwa hasa wa shahada za utafiti, na Machi 2024 iliwazuia wahudumu wapya wa matunzo kuleta familia. Ujerumani kwa kawaida hutaka mwenza awe na Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, lakini humsamehe anayemfuata mwenye Blue Card, kibali cha kazi cha wataalamu. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo zisomeni kwenye tovuti ya serikali husika na mzisome tena siku jibu likitoka.

Piga bajeti mbili: ya mishahara miwili, na ya mshahara mmoja kwa miezi 6. Kama ya pili haisimami, ni afadhali kujua sasa.

Fedha zenyewe zisitikiswe ovyo. Kwa viza nyingi za Uingereza, kiasi kinachotakiwa lazima kiwe kimekaa siku 28 mfululizo bila kushuka, na taarifa ya benki isiwe na zaidi ya siku 31 siku ya kuomba. Siku moja tu ikishuka chini, hesabu inaanza upya. Mkinyimwa na kutaka kuomba tena haraka, akaunti iliyochotwa wakati wa kusubiri ndiyo itakayowachelewesha. Fedha kubwa iliyoingia ghafla nayo huulizwa ilikotoka, basi hifadhini ushahidi wake.

Kukagua, na kuulizwa

Ukurasa wa kufuatilia usifunguliwe na watu wawili mara ishirini kwa siku. Mmoja akague mara moja, saa maalumu, na zamu ibadilishwe kila wiki; mwingine asiulize. Mambo ya safari yawe na saa yake, tuseme nusu saa Jumapili jioni, na daftari la maswali yanayojitokeza kati ya wiki. Nje ya saa hiyo mna haki ya kuzungumzia mengine, hata yasiyo na maana.

Ndugu wataarifiwe kwa sentensi moja mliyokubaliana, ileile kutoka kwenu wote: "Tumeomba, bado hatujajibiwa, tutawaambia." Bosi ni habari tofauti. Anayejua mapema anaweza kuwasaidia, au kumpa mwingine mradi uliokuwa wenu. Isipokuwa mkataba unadai au mnahitaji barua yake, mwacheni hadi viza itoke.

Wekeni vilevile tarehe ya kuamua. Chukueni muda wa kawaida uliotangazwa na ofisi husika, ongezeni nusu yake, na siku hiyo mkae mjadili kama mnaendelea kusubiri, mnaandika kuulizia, au mnaondoa ombi. Kuulizia kabla ya muda uliotangazwa kwisha kwa kawaida hakuleti kitu zaidi ya jibu la mashine.

Siku jibu linapofika

Likiwa hapana, someni sababu ya kukataliwa mara mbili kabla ya kumpigia mtu yeyote, kisha tafuteni tarehe ya mwisho ya rufaa au mapitio. Kwa Uingereza, mapitio ya kiutawala kwa aliye nje ya nchi, pale yanaporuhusiwa, huombwa ndani ya siku 28. Kuomba upya kwa karatasi zilezile huzaa jibu lilelile.

Likiwa ndiyo, msipige simu kazini bado. Kagueni viza za wote wawili: majina, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho ya kuingia, idadi ya kuingia inayoruhusiwa, na maneno yanayohusu kazi. Kosa likionekana, liombeeni marekebisho kabla ya kusafiri. Zikiwa sawa zote mbili, andikeni barua ya kuacha kazi ile yenye notisi ndefu zaidi kwanza.